Bustani ya mimea nenda winta, usingoje machipuko

Niseme moja kwa moja, kama unaishi sehemu zenye winta na kuna bustani ya mimea unayoweza kufika basi usingoje machipuko ndo uende. Nenda Januari, nenda Februari, na kama uko huko kusini kabisa mwa Afrika nenda Juni, Julai. Najua watu wengi wanasema sa hivi hamna kitu, miti imepukutika, njia zimelowa, utaona nini? Mimi kiukweli huu ndo msimu ninaoupenda kuliko yote, na nikimwambia mtu anadhani napenda baridi. Baridi siipendi hata kidogo. Ninachokipenda ni namna mimea inavyoishi nayo.

Machipuko maua yanakuwa mengi mpaka hulioni hata moja, unapiga picha unapita, unapiga nyingine unapita, ukirudi nyumbani huwezi kusema uliona nini hasa. Winta ua likiwepo liko peke yake kwenye tawi tupu, afu linakulazimisha ujiulize swali ambalo mwezi wa tano huwezi kujiuliza: hivi hili limechanua sasa hivi kwa sababu gani, na nani atakuja kulichavusha kwenye baridi hii? Ukishaanza kuuliza hivyo kila ua unalokutana nalo lina jibu lake tofauti, na majibu mengine yatakushangaza mpaka usahau kama vidole vimekufa ganzi.

Mti wa kwanza kuutafuta ni hamamelisi. Si mti mkubwa, ni kama kichaka kirefu hivi, matawi yametanuka yako uchi kabisa, jani hata moja hamna, na kwenye matawi hayohayo kumejaa maua ya njano, mengine ya rangi ya chungwa, mengine mekundu. Kwa mbali unaweza ukadhani ni majani makavu yaliyogoma kudondoka. Sogea basi, sogea mpaka pua iguse tawi. Kila ua lina petali nne tu, nyembamba na ndefu, zimejikunjakunja kama karatasi iliyofinyangwa mkononi, na katikati kuna kikombe kidogo cha rangi ya damu ya mzee. Sasa ukibahatika kuliona ua hilohilo asubuhi yenye baridi kali ya sakitu, yaani umande ulioganda, utakuta petali zimejiviringa zote zimerudi ndani, afu mchana jua likipata nguvu kidogo zinajinyoosha tena. Ndo maana maua yale yanakaa wiki kwa wiki kwenye baridi ambayo ua la kawaida lingekuwa limekuwa jeusi kwa usiku mmoja.

Na hamamelisi wana mambo, maana kuna spishi ya Amerika Kaskazini, Hamamelis virginiana, yenyewe inachanua mwishoni mwa vuli, Oktoba mpaka Desemba huko, wenzake wote wakiwa wanajiandaa kulala. Chavua ikishatua kwenye ua mti hauna haraka, urutubishaji wenyewe unasubiri mpaka machipuko, tunda linakua polepole kiangazi chote, na vuli inayofuata wakati maua mapya yanafunguka ndo vile vitunda vya mwaka jana vinapasuka na kurusha mbegu mita kadhaa mbali, zinaweza kufika hata mita 10. Kwa hiyo ukisimama hapo kwa wakati unaofaa unaona ua la mwaka huu na tunda la ua la mwaka jana kwenye tawi moja. Na anayechavusha? Siku zenye joto kidogo wanakuja nzi na nyuki wadogo, lakini mwanabiolojia Bernd Heinrich aliwachunguza nondo wa winta akaona kuwa wanatetemesha misuli ya kuruka wakiwa wamekaa palepale, wanatetemeka mpaka kifua kinapata joto la kutosha, ndo wanaruka, hata kama nje hewa inakaribia kuganda. Akatoa wazo kwamba huenda nondo hao ndo wanaochavusha hamamelisi usiku. Mimi tangu nijue hilo sijawahi kuupita mti huu bila kusimama.

Kuna kisa kingine cha hamamelisi ambacho nakipenda kwa sababu kinaonyesha bustani za mimea zipo kwa ajili gani. Mwaka 1879 mkusanyaji mmoja, Charles Maries, aliyekuwa anatumwa China na kampuni ya vitalu ya Veitch ya Uingereza, alileta hamamelisi ambao leo wanaitwa Hamamelis mollis, wenye harufu nzuri kuliko wote. Ule mti ukapandwa kitaluni, ukakaa. Ukakaa karibu miaka 20 hakuna aliyejua ni kitu gani, walidhani ni aina tu ya ule wa Japani, mpaka George Nicholson wa bustani ya Kew alipoutazama vizuri akagundua kuwa ni kitu kipya kabisa. Fikiria, miaka yote ile kila winta unachanua! Baadaye mwaka 1928 Arnold Arboretum, bustani ya miti ya Boston, wakaotesha mbegu za mollis, na baadhi ya miche ikatoka chotara maana ilikuwa imechanganya na wa Japani, na humo ndo akatoka 'Arnold Promise' wa njano ambaye sasa yupo kwenye bustani nyingi sana. Wa rangi ya shaba anaitwa 'Jelena', kutoka bustani ya Kalmthout kule Ubelgiji, amepewa jina la Jelena de Belder aliyeitunza bustani ile na mumewe, na 'Diane' mwekundu amepewa jina la binti yao. Ukiniuliza mimi nachagua Jelena bila kufikiria mara mbili, hasa jua likiwa nyuma yake.

Hapohapo niseme kuhusu vibao. Watu hawasomi vibao, na kwenye bustani ya mimea kibao ni nusu ya safari. Kina jina la mmea, familia yake, umetoka wapi, na mara nyingi kuna namba ndefu ambayo tarakimu zake nne za mwanzo ni mwaka mmea ulipoingia kwenye kumbukumbu za bustani. Winta mmea ukiwa hauna majani ukasoma kibao ukaona umetoka mlimani China au Himalaya na uko hapo tangu zamani, unaanza kuuheshimu.

Haya, harufu. Hili ndo jambo linalowashangaza watu wakija winta mara ya kwanza, unatembea tu mara unanusa kitu kitamu sana na huoni ua lolote. Wachavushaji ni wachache msimu huu, hao wachache wako mbali mbali, kwa hiyo mimea mingi ya winta inatangaza kwa harufu badala ya rangi. Tafuta sarkokoka, kijani kibichi mwaka mzima, kimo cha goti au kiuno, maua yake ni meupe madogo hayana hata petali, ni stameni tu, vile vijiti vya chavua, zimetoka nje kama nyuzi, lakini kichaka kimoja kinanukisha njia nzima. Wenye bustani wanaijua kazi yake ndo maana wanaipanda karibu na lango au benchi. Kimonanthasi wa China, Chimonanthus praecox, yeye ua lake ni la njano iliyofifia, linapitisha mwanga utadhani limepakwa nta, ndani lina zambarau, na kichaka chake kiangazi hakina sura ya kumvutia mtu, ungepita. Januari wanapita hapo watu wanageuka nyuma.

Ila malkia wa harufu kwangu ni dafne wa Himalaya, Daphne bholua. Kule Nepal gome la dafne hawa ndo wanatengenezea karatasi tangu enzi na enzi, karatasi ngumu inayoitwa lokta. Kwenye bustani za Uingereza utakutana zaidi na 'Jacqueline Postill', alioteshwa kwenye vitalu vya Hillier na Alan Postill mwaka 1982, akampa jina la mkewe. Maua ya waridi kwa nje, meupe kwa ndani, yamejikusanya mafungumafungu kwenye ncha za matawi. Siku ya jua isiyo na upepo utaisikia harufu yake kabla hujauona mti. Nakushauri usiende asubuhi sana, nenda kuanzia saa tano au saa sita hivi, maana hewa ikiwa baridi sana harufu haisafiri, afu nyuki wa asali nao kwa kawaida hawatoki hewa ikiwa chini ya nyuzi 10 hivi. Mchana ule wa katikati ndo kila kitu kinafanya kazi.

Na nyuki wapo, msidhani hawapo! Kusini mwa Uingereza nyuki-bambi, wale wanene wenye manyoya, aina ya Bombus terrestris zamani walikuwa winta wanalala, malkia peke yake amejichimbia ardhini, lakini kuanzia miaka ya 1990 watu wakaanza kuona nyuki vibarua wakiruka katikati ya winta, na watafiti waliowafuatilia London wakakuta wanaishi vizuri tu kwa nekta ya maua ya bustanini, hasa mahonia. Mahonia ni ule mmea wenye majani ya miba na mikono mirefu ya maua ya njano. Simama mbele yake mchana wenye jua utawasikia.

Ukishashiba harufu angalia chini. Galanthasi, vile viua vyeupe vinavyoinamisha kichwa, vinatoka kwenye tunguu dogo lililolala mwaka karibu mzima chini ya miti. Sababu yake ya kutoka mapema ni mwanga tu, hapo miti juu haijatoa majani kwa hiyo jua linafika ardhini, yeye anakula haraka, anachanua, anaweka akiba kwenye tunguu, majani ya miti yakifunga dari yeye keshamaliza kazi ya mwaka. Usiku wa baridi kali vikonyo vyake vinalala chini kabisa utasema vimekufa, mchana vikipata joto vinasimama. Piga magoti ukiangalie kimoja: vipande vitatu vya nje virefu vyeupe, vitatu vya ndani vifupi vina alama ya kijani, na kuinama kule kunaifanya mvua na theluji isiingie kwenye chavua. Mbegu zake zina kinyama kidogo chenye mafuta ambacho sisimizi wanakipenda, wanazibeba wao. Na kwenye mmea huu, miaka ya 1950 huko Bulgaria na Urusi ya Kisovieti, ndo ilipopatikana galantamini, dawa ambayo mpaka leo wanapewa wagonjwa wa Alzheimer. Kwa hiyo ukiona mtu anakipita bila kukitazama mwite arudi.

Karibu na hapo kutakuwa na helebori. Kinachoonekana kama petali kwenye helebori ni sepali, zile ambazo kwenye ua la kawaida ni kifuniko cha nje, petali zenyewe zimegeuka vikopo vidogo vya nekta vimepangwa duara ndani. Sepali ni ngumu ndo maana ua linakaa miezi, na mbegu zikianza kukua zinageuka kijani zinatengeneza chakula kama jani. Nyingi zimetazama chini kwa hiyo chuchumaa, usichume wala usishikeshike maana mmea mzima ni sumu na utomvu wake unawasha. Kuna moja ya kijani tupu, Helleborus foetidus, ambayo watafiti wa Hispania walikuta kwamba hamira zinazoishi kwenye nekta yake zinapasha ua joto! Yaani vijidudu vinakula sukari, vinatoa joto, ua linakuwa na joto kuliko hewa.

Lakini kwa joto hakuna wa kumfikia Symplocarpus foetidus wa Amerika Kaskazini, mmea wa kwenye madimbwi, unanuka kama nyama iliyooza na mimi siwezi kusema ni mzuri wa sura. Unachoma wanga uliojiwekea kwenye shina lake la chini ya ardhi, na ua linakuwa na joto la nyuzi 15 mpaka 35 zaidi ya hewa ya nje, theluji inayeyuka pembeni yake inabaki duara, mmea umetokeza katikati. Bustani zenye sehemu ya kinamasi mara nyingine wanao. Kama wanao usiondoke bila kuuona.

Magome sasa. Hapa nina neno na wale wanaosema bustani ni maua. Mbetula wa Himalaya, Betula utilis, gome jeupe peeh, weupe huo unarudisha mwanga wa jua ili gome lisipate moto mchana afu ligande ghafla usiku likapasuka. Bustani ya Anglesey Abbey, karibu na Cambridge, wana kishamba cha miti hii na wafanyakazi wanaiosha, wanaiosha kabisa kwa maji, ili winta iwake. Prunus serrula, jamaa ya mcheri, gome lake ni la shaba linang'aa unaona sura yako karibu. Acer griseum, aina ya mepo (maple), gome lake linabanduka vipande vyembamba vya rangi ya mdalasini, na jua la winta kwa sababu linakuwa chini linapita katikati ya vile vipande. Bustani ya chuo kikuu cha Cambridge, ambayo Henslow, mwalimu wake Darwin, ndiye aliyeipigania mpaka ikafunguliwa hapo ilipo mwaka 1846, wana sehemu maalumu ya winta waliyoipanda mwishoni mwa miaka ya 1970, na wamechanganya fito za kornasi, vichaka vinavyopendwa kwa rangi ya matawi yake, nyekundu, za njano, za chungwa na za kijani, ukiwa na jua mbele yako unaona rangi ambazo kiangazi hazipo kabisa. Fito changa ndo zenye rangi kali kwa hiyo kila mwisho wa winta wanazikata karibu na ardhi ziote upya. Kazi hiyo ya kukata inanivutia sana, maana ni kitu cha mwaka mzima kinachoandaliwa kwa ajili ya miezi ambayo wageni ni wachache.

Majani ya rododendroni nayo yaangalieni. Yenyewe hayadondoki, lakini baridi ikiwa kali yananing'inia na kujiviringa, na kadiri baridi inavyozidi ndivyo yanavyojiviringa zaidi, ukizoea unaweza kukisia baridi ilivyo kwa kuyaangalia tu. Matumba ya magnolia yana manyoya laini kabisa. Na yale matumba mengine yote yaliyofunga kimya hayajalala hivihivi, miti mingi ya huko lazima ipate wiki kadhaa za baridi ndo iruhusu tumba kufunguka, kwa hiyo Desemba ikija na siku mbili tatu za joto haidanganyiki kirahisi.

Nyumba za vioo zenye okidi na mimea ya kitropiki nazo watu wanazikimbilia winta, sawa, ingia upashe mikono, ila usimalizie siku yako humo.

Kwa walio kusini habari ni nyingine kabisa na mimi naiona ndo nzuri zaidi. Kirstenbosch, Cape Town, bustani iliyoanzishwa mwaka 1913 kwenye mteremko wa Table Mountain, kule mvua inanyesha winta na kiangazi ni ukame, kwa hiyo mimea mingi inaamka wakati huku wengine wanalala. Juni na Julai mishubiri inasimamisha mishumaa yake ya chungwa na nyekundu, maua ya mrija, na ndege aina ya chozi wanakuja kunywa nekta, unamwona ndege ameingiza mdomo uliopinda akitoka ana chavua usoni. Protea, vichaka vya huko vyenye maua makubwa, nazo zimefunguka, na kuna ndege wa Rasi, Promerops cafer, dume lake lina mkia mrefu kuliko mwili, anazaa na kulea makinda winta kwa sababu ndo protea zina nekta. Winta yao ndo neema yao. Kirstenbosch ndo walipata pia strelizia wa njano, ule mmea wenye ua kama kichwa cha ndege, wa kawaida ni wa chungwa, John Winter (jina lake kweli) alianza na mimea saba tu miaka ya 1970 akawa anaichavusha kwa mkono, na mwaka 1996 ikapewa jina 'Mandela's Gold'.

Kuna jambo moja linanikosesha raha. Bustani ya Edinburgh walianza kuandika tarehe za maua kufunguka tangu 1850, kazi iliyoanzwa na James McNab, na kumbukumbu za namna hiyo leo zina thamani kuliko hata majengo. Mwaka 2022 watafiti wa Cambridge walichapisha hesabu ya spishi 406 za Uingereza wakilinganisha miaka kabla ya 1986 na miaka ya 1987 mpaka 2019, wakakuta maua yanafunguka mapema kwa karibu mwezi mzima. Mwezi! Ua likiwahi sakitu inaweza kulirudia, na mdudu anayelitegemea anaweza kufika limeshakwisha. Kwa hiyo ukienda chukua daftari, andika tarehe na ulichokiona kimefunguka, mwaka unaofuata andika tena.

Na kama una nafasi ya kwenda mara moja tu kwa upande wa kaskazini, mimi ningechagua katikati ya Februari, siku ya jua baada ya baridi ya siku kadhaa. Hamamelisi wanakuwa bado wapo, dafne iko kwenye kilele, galanthasi wametandaza, krokasi za kwanza zinatokeza, na kornasi hazijakatwa. Ukichelewa mpaka mwisho wa Machi maua utayapata mengi zaidi ila zile fito zitakuwa zimeshapitiwa na mkasi, utakuta visiki tu.